Picha za simu mbili zitazame kwenye kioo kimoja

Ukiwa dukani Kariakoo na simu mbili mkononi, usiamue ipi ina kamera bora kwa kutazama kila picha kwenye simu iliyoipiga. Kioo cha AMOLED, aina ya skrini iliyo kwenye simu nyingi, hukoleza rangi, na picha ya kawaida huonekana nzuri kuliko ilivyo. Piga picha ileile kwa simu zote mbili, kisha zitume kwenye simu yako kwa WhatsApp, ila kama faili. Ukizituma kama picha hubanwa, na tofauti uliyokuwa unaitafuta hupotea.

Nje juani karibu kila simu hupendeza. Msimamishe mtu mlangoni, mwanga ukiwa nyuma yake, uangalie kama uso umebaki na rangi yake au umegeuka kivuli. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, mimi hapo ndipo ninapotazama kwanza. Halafu ingia kwenye kona yenye giza umpige picha mtu anayepunga mkono. Mkono ukitoka bila ukungu, simu hiyo itamweza mtoto anayekimbia sebuleni jioni.

Megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, zisikubabaishe. Google Pixel 6a ya 2022 ina 12.2 kwenye kamera kuu, Samsung Galaxy A54 ya 2023 ina 50, lakini nukta za hizo 50 kwa kawaida huunganishwa nne nne, picha ikatoka na kama 12 hivi. Mpenda picha aulize pia nafasi: A54 inapokea memori kadi, 6a haipokei.

Na kabla ya yote futa lenzi. Simu za dukani zimeshikwa na vidole vya watu wengi.