Oti bapa za kawaida: namna ya kuzigawa na kuzitumia nyumba nzima

Napika kwa oda, zaidi futari na vitafunio vya shughuli, na kwangu oti ni kiungo cha kazi kama ulivyo unga wa ngano. Majumbani naona pakiti inafunguliwa, uji unapikwa siku mbili tatu, kisha inasahaulika kabatini hadi wadudu waikute. Pakiti hiyohiyo ingefanya kazi ya chenga za mkate, ya ngano ya shurba na ya dawa ya harara ya mtoto. Siri yake ni ukubwa wa chembe tu.

Hatua ya 1: Nunua zilizo tupu

Chukua oti bapa zisizo na sukari wala ladha. Kiwandani punje hupitishwa kwenye mvuke, kisha hubanwa kati ya magurudumu ya chuma, ndiyo maana huiva upesi. Vile vipakiti vidogo vyenye sukari na vanila ni uji wa haraka tu: ukiviweka kwenye kababu sukari inaungua kabla nyama haijaiva. Zile zilizokatwakatwa bila kubanwa nazo ziache, ni ngumu kwa kazi za hapa.

Ukinunua za kupima, nusa kwanza. Oti zina mafuta mengi kuliko mchele, kwa hiyo huchacha. Zikinuka mafuta ya zamani, rudisha.

Nyumbani, zifunge vizuri kwenye mfuko na uziweke kwenye friza siku nne. Baridi huua fukusi na mayai yao. Ukizitoa, usifungue mfuko mpaka ubaridi wake uishe, la sivyo umande utaingia ndani, na kwa unyevu wa huku pwani hiyo ni njia ya ukungu. Baadaye hifadhi kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana.

Hatua ya 2: Fanya mafungu matatu

Fungu kubwa liache nzima. La pili lifanye chenga: tia kwenye blenda iliyokauka kabisa, bonyeza na kuachia mara tatu au nne, basi. La tatu saga mpaka liwe unga, uchekeche, na kinachobaki juu ya chekeche ukirudishe blendani. Asiye na blenda atumie kinu na mchi, inachukua muda lakini inakubali. Saga unga wa wiki moja tu, kwa sababu oti zikishasagwa huchacha haraka zaidi.

Hatua ya 3: Chenga kwa kababu na katlesi

Kwa kima nusu kilo, weka vijiko vinne vikubwa vya chenga, yai moja, kitunguu kilichokatwa vidogo, thomu, tangawizi, kotmiri, pilipili manga, ndimu na chumvi. Kitunguu kikamue maji kwanza, usipuuze hili. Changanya, funika, acha dakika 20. Muda huo ndio unaofanya kazi: chenga zinanyonya maji ya nyama, zinavimba na kuishika. Ukikaanga papo hapo, kababu zitamong'onyoka kwenye mafuta na utailaumu nyama bure.

Katlesi za viazi na kima zichovye kwenye yai, kisha uzigaragaze kwenye chenga badala ya unga wa mkate mkavu. Ganda linatoka kavu na lenye kukwaruza kidogo. Mimi nalipenda kuliko la mkate, ingawa wateja wangu wazee bado wanataka la mkate.

Hatua ya 4: Oti nzima kwa shurba

Huko Ghuba, Oman na Saudia, supu ya oti ni chakula cha Ramadhani kabisa, na pwani yetu nayo huipika sambamba na shurba ya ngano. Tofauti kubwa ni moto: ngano inataka kulowekwa usiku kucha na kuchemka muda mrefu, oti zinataka robo saa. Kwa anayepikia makaa au gesi ya mtungi, hapo ndipo pesa inapobaki.

Chemsha nusu kilo ya nyama ya mifupa pamoja na kitunguu, thomu, tangawizi, nyanya moja, kijiti cha mdalasini na bizari nyembamba. Nyama ikilainika, hakikisha umebakiwa na supu kama lita moja na nusu. Nyunyizia nusu kikombe cha oti nzima huku ukikoroga, punguza moto, acha dakika 10 hadi 15. Epua ikiwa bado nyepesi kuliko unavyoitaka, maana itaendelea kuwa nzito ikiwa mezani. Ndimu ikamulie bakulini.

Uzito ule unatokana kwa sehemu na beta-glukani, nyuzinyuzi za oti ambazo gramu 3 kwa siku husaidia kushusha lehemu kwenye damu. Bakuli moja la uji wa oti halifikishi kiasi hicho, lakini linakusogeza karibu na nusu yake au zaidi.

Hatua ya 5: Unga kwa chapati

Katika kila vikombe vinne vya unga, kimoja kiwe cha oti, usizidishe. Oti hazina ule mnato wa ngano unaofanya donge livutike, ukizidisha chapati zitakatika kwenye kusukuma. Chapati za maji hazina shida hiyo, hata nusu kwa nusu zinatoka. Ila usimpikie mgonjwa wa siliaki, yaani ambaye utumbo wake unadhurika na ngano, kwa oti za kawaida, kwa kuwa mara nyingi huchanganyika na ngano shambani au kiwandani.

Hatua ya 6: Tui la oti

Kikombe kimoja cha oti nzima, vikombe vinne vya maji baridi sana, chembe ya chumvi. Saga sekunde 30, chuja kwa kitambaa, na hapa sahau mazoea ya nazi: usikamue. Ukikamua, wanga unatoka na tui linakuwa na utelezi kama wa bamia. Linakaa kwenye friji siku tatu, tikisa kabla ya kumimina. Kwenye chai litie mwishoni, kwani likichemka hugeuka uji.

Tui hili la nyumbani halijaongezwa kalisi kama yale ya dukani, na si mbadala wa maziwa kwa mtoto mchanga. Machicha yake yatie kwenye chapati za maji siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Unga kwa ngozi inayowasha

Kwa harara, tetekuwanga au kuumwa na mbu, tumia unga laini kabisa. Ujaribu: koroga kijiko kimoja kwenye glasi ya maji. Maji yakigeuka meupe kama maziwa, uko sawa. Ukituama chini, saga tena.

Tia theluthi moja ya kikombe kwenye beseni la mtoto lenye maji vuguvugu, akae dakika 10 hadi 15, umwagie maji hayo mabegani. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo, usisugue, na umpake mafuta yake akiwa bado na unyevunyevu. Hii inatuliza muwasho, haitibu ugonjwa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliuingiza unga wa oti kwenye orodha ya vikinga ngozi mwaka 2003. Mtoto mwenye ukurutu mjaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono, kwa sababu wapo wanaodhurika na oti. Akiwa na homa kali au vidonda vyenye usaha, mpeleke kituo cha afya.

Mshike vizuri, beseni litateleza. Maji yamwage nje, si kwenye bomba la bafu.

Zinazobaki

Watu huweka bakuli la oti kwenye friji kuondoa harufu. Sioni faida yake, kipande cha mkaa kinafanya vizuri zaidi na hakiliwi. Oti zilizokaa muda mrefu lakini bado kavu, wape kuku konzi moja moja juu ya chakula chao cha kawaida. Zilizoota ukungu usiwape hata kuku, wala usizioshe ukazipika: sumukuvu haiondoki kwa moto wa jikoni. Zitupe.