Kupima maji kwenye bomba la inchi mbili kwa bamba la tundu

Pampu inayovuta maji ya Mto Nyando kwenda mashambani Ahero inaweza kunguruma kutwa nzima na mwenyewe asijue inatoa lita ngapi. Mita yenye gurudumu ndani hukwama kwa mchanga. Bamba la tundu, yaani kipande bapa cha chuma chenye tundu katikati kinachowekwa ndani ya bomba, halina kinachozunguka, na fundi wa kukereza chuma mjini Kisumu anaweza kulitengeneza.

Maji yakibanwa kwenye tundu dogo huongeza kasi, na kasi ikipanda shinikizo hushuka. Daniel Bernoulli alilieleza jambo hili mwaka 1738. Tunachosoma ni tofauti ya shinikizo kabla na baada ya bamba.

1. Mahali. Bomba la mfano huu lina kipenyo cha ndani cha milimita 50. Tafuta sehemu iliyonyooka, angalau mita moja kabla ya bamba na nusu mita baada yake, kwa sababu elbo (kiungo cha kona) husokota maji. Bomba lazima lijae. Weka geti valvu ya kupunguzia maji mbele, baada ya bamba.

2. Bamba. Chuma kisichoshika kutu, unene milimita 3, tundu la milimita 25 katikati kabisa. Hapa usimwonee fundi haya. Ukingo unaopokea maji uwe mkali kiasi cha kukwangua ukucha ukiupitisha. Upande wa pili upanuliwe kwa pembe ya digrii 45, ukingo ubaki na unene usiozidi milimita 1. Gonga alama upande wa kuingilia, maana bamba likigeuzwa litasoma maji kidogo kuliko yanayopita. Gasketi, yaani pete laini ya kuzuia uvujaji, isichungulie ndani ya bomba.

3. Vitundu vya shinikizo. Toboa kwa kekee ya milimita 4, kimoja milimita 50 kabla ya uso wa bamba unaopokea maji, kingine milimita 25 baada ya uso huohuo. Toboa ubavuni: juu hukaa hewa, chini hukaa tope. Lainisha makali yaliyobaki ndani.

4. Manomita, yaani kipimo cha tofauti ya shinikizo. Pinda mpira mwangavu kama U iliyopinduliwa, unganisha ncha zake mbili na vile vitundu viwili, uufunge kwenye ubao wenye tepu ya kupimia, na juu kabisa weka valvu ya baiskeli. Maji yakipanda hadi kileleni, sukuma hewa kwa pampu ya baiskeli mpaka viwango vya maji vya pande zote mbili vionekane. Sasa funga geti valvu ili maji yasimame. Viwango lazima vilingane. Visipolingana, kuna povu la hewa kwenye mpira. Ligonge kwa kidole mpaka lipande, kisha angalia tena. Usisome chochote kabla ya hapo.

5. Hesabu. Lita kwa sekunde = 0.137 × kipeuo cha pili cha tofauti ya viwango kwa sentimita. Tofauti ya sentimita 50 ni lita 0.97 kwa sekunde. Ya sentimita 12.5 ni nusu ya hapo, si robo. Wengi hukosea hapa. Tofauti ikishuka chini ya sentimita 5, kosa dogo la macho linaharibu jibu, kwa hiyo kereza bamba lenye tundu dogo zaidi na ukokotoe namba mpya badala ya 0.137.

6. Hakiki kwa pipa. Mimina kilo 20 za maji mara kumi, ukizipima kwa mizani, uchore mstari wa lita 200, kisha ulimwage pipa na ulijaze kwa maji ya bomba. Kwa tofauti ya sentimita 50, pipa lifike mstarini kwa takriban sekunde 206. Rudia mara tatu. Likijaa mapema, kwa mfano sekunde 195, fungua bamba: mchanga umelainisha ukingo, au limegeuzwa. Likichelewa, tafuta nyasi zilizonasa kwenye tundu. Ukikuta kila kitu kiko sawa, ndipo ubadilishe ile 0.137: izidishe kwa 206, ugawanye kwa sekunde zako, na uiandike kwa rangi kwenye ubao wa manomita.