Namna ya kuagiza vigae vya kufinyangwa kwa mkono: kuanzia mchoro hadi kwa fundi

Nimeandika hatua hizi baada ya kukaa na msanifu mmoja anayechora nyumba ya wageni Tukuyu. Kwenye jedwali lake la vifaa palikuwa na mstari mmoja tu: "vigae vya udongo, 150 × 150, kahawia." Kwa marumaru za dukani unatosha kabisa. Kwa vigae vya mkono haumsaidii mfinyanzi wala fundi, kwa sababu hakuna viwili vinavyolingana. Karatasi yako lazima iseme tofauti inaruhusiwa mpaka wapi.

Hatua ya 1: Mahali

Ukuta wa ndani ndio penyewe. Sakafu ya bafu, usiweke glezi (rangi ya kioo inayoyeyushwa juu ya kigae) inayoteleza. Nje kwenye baridi ya Makete, Kitulo au Njombe, kumbuka sakitu (umande ulioganda) ya Juni na Julai: maji yaliyoingia ndani ya kigae yakiganda hutanuka na kubandua uso wake. Huko nje mimi sikubali kigae kinachofyonza maji zaidi ya asilimia 3, na vya mkono vingi vya moto mdogo hupita hata 10.

Hatua ya 2: Mfinyanzi na moto wake

Uliza kwanza anachoma vipi. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema, wana mikono ya ajabu, lakini vyungu vya asili huchomwa kwa moto wa wazi, na moto huo haufiki joto la tanuru lililofungwa. Kazi ya namna hiyo ipe ukuta wa mapambo. Sakafu ya kukanyagwa kila siku, tafuta mwenye tanuru linalofika nyuzi 1,000 au zaidi.

Hatua ya 3: Maji

Kausha kigae vizuri, kipime uzito, kiloweke saa 24, kifute, kipime tena. Gramu 400 zikiwa 452, kimefyonza asilimia 13. Kisha kiache siku kadhaa mahali penye unyevu. Udongo wenye punje za chokaa utajionyesha: punje hunywa maji, huvimba, na kurusha vipande vya uso. Ukiona vishimo vyenye kitu cheupe katikati, kataa mzigo wote.

Hatua ya 4: Vipimo

Hapa ndipo kazi nyingi hukwama, kwa hiyo nenda taratibu.

Udongo husinyaa ukikauka, na husinyaa tena ukichomwa. Kwa jumla ni kama asilimia 8 hadi 12, kutegemea udongo wenyewe. Ukitaka 150 baada ya moto na udongo unasinyaa asilimia 10, fremu ya mbao ya kufinyangia iwe 167 (150 gawanya kwa 0.9). Ila usihesabu kwa asilimia uliyoisoma mahali, hata hapa. Mwambie mfinyanzi achome vichache kwanza kwa udongo uleule na tanuru lilelile, upime mwenyewe kwa kalipa (kipimo cha taya mbili). Futi kamba haifai. Ncha yake inacheza.

Tuseme, kwa fremu ndogo zaidi ya hiyo, vimetoka kati ya milimita 139 na 145. Kanuni ya Marekani, ANSI A108, inataka nafasi ya grauti (saruji laini ya kujazia kati ya vigae) iwe angalau mara tatu ya tofauti ya vipimo. Tofauti ya 6 inadai nafasi ya 18, na ukuta utakuwa grauti tupu. Dawa yake ni kupanga mafungu: 139 hadi 141, 141 hadi 143, 143 hadi 145. Kila fungu sasa lina tofauti ya 2, nafasi inakuwa 6. Kila fungu lipate ukuta wake, lisichanganywe na jingine. Andika kwenye mkataba nani anapanga. Usipoandika, atapanga fundi, juu ya ngazi, kwa macho.

Baada ya hapo ndipo urudi kwenye mchoro. Ukuta wa milimita 2,400, fungu la kati: 142 na 6 ni 148. Vinaingia 16, kinabaki kipande chembamba cha 32 pembeni, kibaya na kigumu kukata bila kuvunjika. Weka 15 vizima katikati, na kila upande ukate kimoja cha 87. Wanaochora gridi kabla ya tanuru kuzimwa huishia kubomoa plasta.

Pima na mkunjo pia, yaani kigae kilivyopinda: laza rula ya chuma kwenye mshazari. Mimi hukubali milimita 2 ukutani, 1 sakafuni.

Hatua ya 5: Ubao wa sampuli

Chukua vigae vya juu, vya katikati na vya chini ya tanuru, maana rangi hubadilika. Bandika vyote ubaoni, viwe vimegrautiwa, kisha mteja, mfinyanzi na msanifu wasaini nyuma. Picha ya simu si sampuli.

Hatua ya 6: Kiasi na majira

Ongeza asilimia 15 juu ya idadi ya vigae unavyohitaji. Agiza vikaushwe kati ya Juni na Oktoba; mvua za Rungwe hazina subira na udongo mbichi.

Hatua ya 7: Maelekezo ya fundi

Kwa saruji na mchanga, vigae vilowekwe kwanza visinyonye maji ya saruji. Kwa gundi ya mfuko, vifutwe vumbi tu. Achanganye maboksi matatu au manne ya fungu moja kwa wakati mmoja. Kigae kisicho na glezi kipakwe dawa ya kuziba vinyweleo kabla ya grauti, hasa grauti nyeusi, kwani ikishaingia kwenye udongo haitoki. Misalaba ya plastiki ya kutenganisha vigae msimpe. Atumie uzi na pima maji.

Vinavyobaki mwachie mwenye nyumba, vimeandikwa fungu lake kwenye boksi.