Kuandika wasifu wa mzee aliyepigana Vita vya Kagera

Usiku wa kwanza wa msiba wa baba, baba mdogo alinipa daftari akasema, "Mwanangu, wewe ndiye unayejua kuandika, tutengenezee historia fupi ya marehemu." Nikaiandika kama zinavyoandikwa nyingi: kuzaliwa Songea, kujiunga na jeshi la Tanzania, JWTZ, vyeo, kustaafu, ameacha mjane, watoto sita na wajukuu kumi na mmoja. Ikasomwa makaburini kwa dakika tatu. Niliposikiliza niliumia, maana aliyekuwa akisomwa pale angeweza kuwa askari yeyote. Kufikia arobaini nilikuwa nimeiandika upya. Nieleze nilivyofanya, ili ukifikwa usianzie nilipoanzia mimi.

Anza na mikono yake. Alikuwa akifanya nini nyumbani bila kuombwa? Baba kila Jumapili jioni alipanga viatu vyetu vya shule ukutani, kuanzia vya kitinda mimba mpaka vya kaka mkubwa. Alikuwa na kopo la kiwi na soksi kuukuu aliyoivaa mkononi. Atapaka, ataacha vikauke, atarudi kusugua mpaka ving'ae, kisha atainua kimoja kimoja akague soli. Palipotoboka alikata kipande cha boksi akakitandika ndani. Mambo ya namna hii yaandike kwanza, kabla hata ya mwaka wa kuzaliwa.

Tarehe sasa. Usizichukue msibani, kila shangazi atakuwa na yake. Tafuta cheti cha kustaafu, kitambulisho, nishani kama anazo. Karatasi ilipopingana na kumbukumbu, mimi nilifuata karatasi. Za vita vyenyewe zinajulikana: majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, daraja la Kyaka likalipuliwa mwanzoni mwa Novemba, Masaka, ndani ya Uganda, ikatekwa na jeshi letu Februari 1979, mwezi wa tatu yakawa mapigano ya Lukaya, na Aprili Kampala ikaanguka. Ziandike pembeni ya daftari uende nazo kwa wenzake wa kikosi. Ukitaja tu "Masaka", mzee atakuambia kama walikuwa pamoja au walikuwa wameshaachana.

Na kwa wenzake nenda mapema. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati ule sasa anakaribia sabini. Usimuulize vita vilikuwaje. Atakujibu vilikuwa vigumu, atanyamaza. Muulize mlikuwa mkila nini, mlilala wapi mvua ikinyesha, nani alikuwa akiwachekesha. Mzee mmoja aliyeendesha malori na baba alinikatalia katakata, mpaka nilipomuuliza lori lao lilikuwa likisumbua wapi. Hapo akaongea saa nzima juu ya tope la njia ya Lukaya, na jinsi baba alivyokuwa akivua shati kulifunika betri. Omba ruhusa urekodi kwenye simu, maana ukiandika huku anaongea utamkosa usoni.

Asichokisema mtu, usikijaze. Nilishawishika kuandika kwamba baba alikuwa mstari wa mbele, kwa kuwa ingependeza masikioni. Alikuwa dereva wa kupeleka risasi na chakula. Nikaandika hivyo.

Barua ni hazina kuliko nishani. Mama alikuwa nazo nne ndani ya sanduku la bati, za miezi ile ya vita. Hakuna hata moja inayotaja bunduki. Ya Februari 1979 inauliza kama mtoto ameota meno, na inamkataza mama asimuuze yule mbuzi mweusi hata kama fedha imekwisha, atatuma. Niliinukuu yote bila kurekebisha tahajia. Picha nazo, keti na wazee wakutajie majina, uandike nyuma kwa penseli laini. Kalamu ya wino hupenya.

Ukimaliza, isome kwa sauti ukiwa umesimama. Sentensi itakayokukata pumzi, igawe. Kisha msomee mjane kabla ya mtu mwingine yeyote, faragha, umpe haki ya kufuta. Hili usiliruke.

Kulikuwa na jambo moja nililoliogopa. Sisi watoto tulijua baba huamka usiku akipiga kelele, halafu tochi inapita chumbani kwetu. Sikujua kama ni la kusomewa watu. Mama aliposikia sehemu hiyo alikaa kimya, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Liache humo. Ila useme alikuwa anawahesabu. Akifika sita, anarudi kulala."