Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuoka Mkate Mchachu kwa Mashine

Uchachu wa mkate hautoki kwenye mashine ya umeme inayokanda na kuoka mkate. Unatoka kwenye chachu ya asili, yaani mchanganyiko wa unga na maji ulioachwa hadi hamira ya asili na bakteria wa asidi ya laktiki waliomo kwenye unga wakastawi. Kwa hiyo anayekusudia kuoka mkate huu nyumbani, awe Shangani mjini Mtwara au Mtanda mjini Lindi, aanze kuandaa chachu wiki moja hadi mbili kabla.

Chukua gramu 50 za unga wa ngano isiyokobolewa na gramu 50 za maji, uchanganye kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kisha kila siku uondoe sehemu kubwa na kuongeza unga na maji mapya kwa uzito ulio sawa. Maji ya bomba yenye klorini yalale wazi usiku kucha kabla ya kutumika. Siku ya pili au ya tatu mchanganyiko unaweza kufura ghafla na kutoa harufu mbaya, na hapo ndipo wengi hudhani kazi imekwisha, kumbe ni bakteria wa mwanzo tu; baadaye chupa hutulia kana kwamba kila kitu kimekufa. Usiimwage, kwa sababu asidi inayozidi kujengeka ndiyo inayowashinda bakteria hao na kuipa hamira ya asili nafasi. Chachu imekomaa pale inapoumuka maradufu ndani ya saa nne hadi sita baada ya kulishwa, siku kadhaa mfululizo, ikinukia kama maziwa ya mgando. Ikionyesha ukungu au michirizi ya waridi, itupwe yote.

Joto la pwani yetu linaharakisha mambo haya. Wakati wa kaskazi, jiko linapopita nyuzi 30, chachu hula chakula chake upesi, hivyo ilishwe asubuhi na jioni au ihifadhiwe kwenye friji ikishakomaa. Kifuniko kisikazwe, na chupa isimamishwe ndani ya sahani yenye maji kidogo, maana sisimizi huipata harufu ile mapema sana.

Kuhusu mashine, jambo la kuhakikisha kabla ya kulipa pesa ni kwamba ina programu ya kukanda peke yake na ya kuoka peke yake. Programu ya kawaida ya takribani saa tatu imepangwa kwa hamira ya dukani, na chachu ya asili haiwezi kuumua donge kwa muda huo mfupi. Mashine isiyotenganisha hatua hizo, hata ikiwa nzuri kwa mikate mingine, sishauri inunuliwe kwa kazi hii. Itazamwe pia kama inatumia volti 230, kwani zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120. Umeme ukikatika, mashine nyingi husahau zilipofikia. Kukanda kunaweza kumaliziwa kwa mkono, lakini donge lililokwisha kuumuka halisubiri, kwa hiyo sufuria yenye mfuniko na mkaa wa kupalia juu na chini viwe tayari.

Vipimo vifanywe kwa mizani: unga wa ngano gramu 500, maji gramu 300, chachu gramu 150 na chumvi gramu 10, baada ya kuhakikisha kwamba chombo cha mashine kinabeba mkate wa takribani kilo moja. Anayependa uchachu mkali alaze donge kwenye friji usiku mzima baada ya kukanda, ndipo aliache liumuke na kuliingiza kuoka likiwa limeondolewa kile kisu cha kukandia. Asilicheleweshe kupita kiasi, hasa nje ya friji, kwa kuwa asidi ikizidi hulegeza gluteni, yaani protini ya ngano inayoshikilia donge, na mkate hubonyea katikati.

Ipangwe pia saa moja ya kuuacha mkate upoe nje ya chombo chake kabla ya kukatwa. Na kabla chachu haijamiminwa kwenye unga, vijiko viwili vitengwe na kulishwa, ili mkate unaofuata usianze tena na chupa tupu.