Somo: Kuweka masharti ya kuonekana kwa kitufe kwenye proforma za Odoo

Tuseme duka la Lubumbashi linalouza pampu na jenereta, na linalotumia Odoo (programu ya kusimamia biashara), linataka kitufe cha «Omba kibali» kionekane pale tu proforma (hati ya bei anayopewa mteja kabla ya kununua) inapokuwa bado rasimu na jumla yake imezidi dola 5,000. Odoo haiulizi kitufe kionekane lini, bali kifichwe lini; kwa hiyo sharti lote hugeuzwa, na «na» huwa «au». Asiyeligeuza neno hilo atakikuta kitufe hata kwenye rasimu ya dola 200.

Kwanza, rithi mwonekano wa fomu ya sale.order (jina la proforma ndani ya Odoo), uongeze kitufe ndani ya header, yaani kichwa cha fomu. Mwonekano wa asili usiuguse, maana programu ikisasishwa kazi yako itafutika.

Pili, andika sharti. Tangu toleo la 17, lililotoka mwaka 2023, attrs na states, njia za zamani za kuandika masharti hayo, hazitumiki tena; sharti huandikwa moja kwa moja ndani ya invisible:

<button name="omba_kibali" type="object" string="Omba kibali" invisible="state != 'draft' or x_jumla_dola &lt;= 5000"/>

Sikuweka amount_total (jumla ya proforma), kwa sababu uga huo hufuata sarafu ya proforma yenyewe, na hapa mjini mteja mmoja huomba bei kwa dola, mwingine kwa faranga za Kongo. Faranga 5,000 hazifiki hata dola tano, hivyo kitufe kingetokea karibu kwenye kila proforma ya faranga. Unda uga wa kukokotolewa, x_jumla_dola, unaogawa amount_total kwa currency_rate ili kupata jumla kwa sarafu ya kampuni, ambayo hapa ni dola, kisha uuweke ndani ya fomu, hata ukiwa umefichwa.

Tatu, fungua rasimu, uongeze mistari hadi jumla ivuke kiwango: kitufe kitatokea kabla hujahifadhi.

Maswali ya wanachama

Swali (Katuba): Ndugu, naweza kuandika order_line.discount humo, ili punguzo likizidi asilimia 10 kitufe kitokee?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Sharti la kichwa cha fomu halishuki hadi kwenye mistari. Unda kwenye proforma uga unaobeba punguzo kubwa kuliko yote ya mistari yake, sharti liusome huo.

Swali (Likasi): Nikikificha kitufe cha kuthibitisha, muuzaji atakuwa amezuiwa kweli?

Jibu: Hajazuiwa, mama. Umeficha kitufe tu. Action_confirm, yaani msimbo unaothibitisha proforma, bado inaweza kuitwa kupitia API (njia ya programu nyingine kuiamuru Odoo). Ukaguzi wa kibali uandike ndani ya action_confirm yenyewe, ikatae proforma isiyoidhinishwa, hata iitwe kutoka wapi.