Gobore likianza kutawanya risasi
Wawindaji wenzangu wenye vibali hapa Tabora, gobore likikosa shabaha msikimbilie kuongeza baruti. Tazameni masizi kwanza. Baruti nyeusi huacha masizi mengi ndani ya mtutu, nayo hunyonya unyevu. Msimu wa mvua huku Sikonge masizi hayo huwa kama tope. Risasi inayofuata haishuki mpaka mwisho, na shabaha inapotea. Kila baada ya mlio, pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Hicho cha unyevu huzima pia cheche iliyobaki.

Halafu chora alama kwenye mdeki, yaani ufito wa kushindilia risasi, usawa wa mdomo wa mtutu, risasi ikiwa imekaa sawasawa juu ya baruti. Siku alama ikibaki juu ya mdomo, usifyatue kabisa! Nafasi kati ya risasi na baruti inaweza kupasua mtutu, na hapo ni uso wako na vidole vyako.

Baruti ipimwe kwa kipimo kilekile. Kitambaa kinachozungushiwa risasi kipake nta ya nyuki, ambayo kwetu haikosekani, iliyoyeyushwa na mafuta ya ng'ombe. Ukikiokota baada ya mlio kimechanika, jaribu kinene zaidi. Badilisha kitu kimoja, piga risasi kadhaa, ndipo uguse kingine.